Taa za Remorke ya Saliha

Shakuru wa Mutakura, mtaa mmoja wa Bujumbura, ni fundi umeme wa magari. Kwa maneno yake mwenyewe, hajawahi kushindwa na waya, ila ameshindwa na karibu kila kitu kingine. Siku hizi hadithi hii anaisimulia mwenyewe, tena kwa kujicheka, akiwa amekaa juu ya tairi mbele ya karakana yake. Zamani kidogo, mambo yalipokuwa bado ya moto, ukitaja rangi ya buluu mbele yake aliinuka na kuondoka. Basi acha niisimulie mimi, maana akiisimulia yeye hujionea huruma pale katikati, na pale katikati hapastahili huruma yoyote.

Mkewe, Saliha, anakodisha vitu vya sherehe: viti vya plastiki, mahema, masufuria makubwa ya pilau, na sahani za kutosha mtaa mzima. Vitu hivyo husafiri kwenye remorke, tela dogo la magurudumu mawili linalofungwa nyuma ya pikapu ya Shakuru. Pikapu yenyewe imetoka Ujapani, usukani uko kulia, nasi huku Bujumbura tunatembea upande wa kulia wa barabara. Maana yake dereva anakaa upande wa majani, na akitaka kulipita lori haoni mbele kuna nini. Anayeona ni aliyekaa kushoto, na kwa miaka yote ya ndoa yao aliyekaa kushoto alikuwa Saliha. Akisema pita, Shakuru anapita. Akisema ngoja, anangoja. Na katikati ya pita na ngoja alikuwa akimpa habari za mji: nani kaposa wapi, nani kang'ang'ania sahani za watu, mama mkwe gani kasusia chakula na kwa nini.

Jioni moja ya mvua, wakitoka Ruziba, kusini mwa mji, lori la mchanga liliwafikia kwa nyuma, likataka kupita, likaikwangua remorke ubavu wa kushoto. Remorke ikayumba, ikamwaga masufuria barabarani, na dirisha la upande wa Saliha likapasuka lote. Hakufa mtu, wala hakuvunjika mtu. Saliha alishuka na vipande vya kioo kwenye mtandio wake, akakaa ukingoni, akapewa maji akayakataa. Dereva wa lori naye akashuka, akasema neno ambalo Shakuru hajamsamehe mpaka leo. Alisema hakuona taa.

Kumwambia hivyo fundi umeme ni kumtukana na ukoo wake. Taa zote zilikuwa zinawaka. Shakuru alimshika dereva mkono, akamzungusha nyuma ya remorke, akamwonyesha moja baada ya nyingine, hii ya breki, hii ya kona, hii ya kumulika namba, huku mvua ikiwanyeshea na mkewe amekaa peke yake kwenye majani yaliyolowa.

Tangu siku hiyo Saliha hakupanda tena. Kazi hakuacha, ila alikwenda kwa basi, na Shakuru akabaki kuburuta mahema peke yake. Alimbembeleza, akamletea na soda baridi, mpaka jioni moja Saliha akachoka kubembelezwa.

"Apana, Baba Assia," alisema. "Mi nitapanda siku remorke yako itaonekana mpaka Uvira."

Uvira ni ng'ambo ya ziwa, Kongo. Mtu mwenye akili timamu angesikia hasira katika maneno hayo. Shakuru alisikia oda ya kazi.

Tusimwonee, lakini. Kiti kile kitupu kilimuuma kweli. Bila macho ya Saliha hakuweza kupita kitu chochote chenye magurudumu. Alifuata baiskeli za ndizi kutoka mjini hadi mwisho wa safari, watoto wa shule wakimpita kwa miguu. Alizoea kusimuliwa mji, sasa akawa anaendesha katika kimya ambacho kilimfanya aanze kujisimulia mwenyewe, na habari zake hazikuwa na ladha. Alimtaka mkewe arudi kwenye kile kiti. Hakutaka kingine, na angetoa chochote alichonacho, ila kwa bahati mbaya alichokuwa nacho ni waya.

Kwa haki, alianza vizuri. Sheria ya barabara Shakuru anaijua, na anapenda watu wajue kwamba anaijua. Nyuma ni taa nyekundu, na za breki, na za kona zenye rangi ya machungwa, na kitaa cheupe cha kumulika namba. Pembetatu mbili zinazong'aa zikimulikwa. Ubavuni ni machungwa, mbele ni nyeupe. Nyekundu haitazami mbele, wala hakuna kinachomweka, yaani kuwaka na kuzima, isipokuwa taa za kona. Alivuta waya mpya kutoka kwenye plagi ya pikapu, akaupitisha ndani ya bomba usije ukakwaruzwa, akaweka rile, kile kiswichi kinachowashwa na umeme wenyewe, ili swichi ya zamani isibebeshwe mzigo, akaupa mzigo huo fyuzi yake peke yake. Na waya wa masi, ule unaorudisha umeme, akaufunga kwenye chuma alichokikwangua rangi mpaka kikang'aa. Mafundi wengine hufunga masi juu ya rangi, kisha wanashangaa kwa nini ukikata kona zinawaka breki. Shakuru hafanyi makosa madogo kama hayo.

Maxime, jirani yake mchomelea vyuma, alikuja akazunguka remorke, akakanyaga breki mwenyewe, akaitikia kwa kichwa.

"Imekwisha hiyo," alisema. "Weka koleo chini, nenda nyumbani ukale."

Angekuwa mtu wa kusikia, sasa hivi tungekuwa tunakunywa chai. Alikwenda nyumbani kweli, lakini kumleta Saliha aje aone. Saliha alifuta mikono, akaja, akatazama taa zote zikiwaka.

"Zinang'aa au hazing'ai?" Shakuru aliuliza.

"Zinang'aa," alisema Saliha. "Kazi nzuri. Kesho nitakwenda na basi."

Hapo ungedhani mtu atauliza swali la pili. Shakuru alisimama akatazama upande wa ziwa, akapiga hesabu ya umbali, akaona kwamba Uvira bado hawataiona. Kesho yake akaongeza safu ya taa za machungwa ubavuni. Saliha akasema zinang'aa, akapanda basi. Akaongeza ukanda wa taa nyeupe kuizunguka bodi nzima, mpaka remorke ikafanana na duka la simu. Saliha akasema zinang'aa sana, zinaumiza macho, akapanda basi. Shakuru akaenda kwa Sylvère, muuza vyuma chakavu, akarudi na taa mbili za buluu za kumweka, zilizotoka kwenye gari la wagonjwa lililojifia zamani. Sylvère alipomwuliza ni za nini, alijibu kwamba ni mapambo.

Alijua fika kwamba buluu ya kumweka si ya raia. Wateja wake wangapi aliwafukuza kwa kuomba kitu hicho hicho, akawahutubia na kuwahutubia. Lakini sasa alijitungia sheria ndogo ya nyumbani: taa isiyowaka si taa, ni pambo tu. Alizifunga mbele ya remorke, juu ya mlingoti wa chuma uliopita paa la pikapu, akazivika gunia, akavuta swichi mpaka chini ya usukani na kuandika juu yake, kwa rangi, neno "dharura". Alipomaliza alijiona wakili.

Kazi iliyofuata ilikuwa Ruziba, kwa Mama Daphrose, aliyekuwa anaozesha binti yake, Amélie. Siku hiyo wakwe walikuwa wanatoka mjini kuleta mahari, na msemaji wao alikuwa amejitayarishia maneno wiki nzima. Shakuru atangulie na viti, mahema na masufuria. Saliha atafuata kwa basi dogo pamoja na wapishi. Gunia alilitoa asubuhi, eti lisije likapeperuka.

Mvua ilimkuta chini ya mtaa wa Kinanira. Wingu lilishuka kutoka milimani, mchana ukawa magharibi kabla ya saa yake, na barabara ilipokata kona, kwenye kioo cha upande wake Shakuru akaona taa kubwa mbili zikimkaribia. Lilikuwa lori, tena la mchanga. Pengine dereva yule, pengine mwingine kabisa, lakini masikio ya Shakuru yakasikia tena yale masufuria. Akajiambia kwamba hii ndiyo dharura, na akabonyeza swichi.

Sasa kama wewe ni mgeni wa mji wetu, kuna jambo lazima ulijue. Huku ukiona buluu inamweka huulizi. Unatoka barabarani. Gari linapanda ukingo, baiskeli inaingia mtaroni na ndizi zake, mwenye miguu anasimama, mpaka mkubwa apite. Akishapita unangoja tena kidogo, maana huenda nyuma kuna gari la mwisho. Hakuna aliyetufundisha, tumekua tunajua.

Lori la mchanga likabaki nyuma na kupotea. Mbele, teksi zikaruka ukingoni. Basi moja lilipanda hadi karibu na jiko la mchoma mishikaki, naye mchoma mishikaki akavua kofia. Mwanzoni Shakuru hakuelewa, alidhani watu wanakimbia mvua. Kisha akaelewa. Hapa ndipo anapoomba huruma, anasema alitaka kuzima lakini swichi ilikuwa na unyevu. Si kweli. Swichi ilikuwa nzima. Alikaa wima, akarekebisha kola. Kwa mara ya kwanza tangu Saliha ashuke alikuwa anapita magari bila mtu wa kumwonea njia, na yalikuwa yanafurahi kupitwa, na mkono wake wa kulia ukatoka dirishani ukawapungia watu. Aliwapungia, jamani.

Kwenye kizuizi, polisi walikuwa wameshainua mti na kusimama wima kwenye mvua. Shakuru alipita katikati yao, masufuria yakigongana nyuma. Hawakuyatazama masufuria hayo. Macho yao yalikuwa barabarani, wanamngoja mkubwa mwenyewe, maana hili lililopita lilikuwa gari la kutangulia tu.

Basi Shakuru akafika Ruziba mapema kuliko siku zote, akazima kila kitu, akaingia uani kwa Mama Daphrose akipiga mluzi. Wakasimamisha mahema, wakapanga viti, upande huu wenyeji, upande ule wakwe. Mvua ikakata. Pombe ikaletwa na mirija yake. Watu wa nyumbani wakakaa, wakavitazama viti vya wakwe, na viti vikaendelea kuwa vitupu. Wapishi nao hawakuonekana. Mama Daphrose alitoka mpaka barabarani akarudi, akatoka tena akarudi, kila safari na uso mwingine.

"Wamegeuka," alisema mwishowe, kwa sauti ya chini. "Wamesikia neno juu ya mtoto wangu, wamegeuka."

Ndani, Amélie aliyekuwa ameshapambwa alianza kulia. Shakuru, mtu wa huruma, akamwendea mama akamwambia asiwe na wasiwasi, wakwe siku zote huchelewa. Wakati huohuo kaka wa Mama Daphrose akashusha simu kutoka sikioni.

"Hawajageuka," alisema. "Wamesimamishwa. Barabara yote imesimama, kuna msafara. Magari ya mbele yameshapita, lakini mkubwa mwenyewe hajafika mpaka sasa, na hakuna mutu anathubutu kutia gari barabarani."

 Shakuru aliitazama remorke, akaitazama njia, akatafuta gunia lake na hakukumbuka alilitupa wapi.

Kule barabarani, wakwe walikuwa wamekaa ndani ya magari na vikapu vyao magotini. Nyuma yao, ndani ya basi dogo, alikuwa Saliha na wapishi wake. Konda alikuwa anawahadithia abiria alichosimuliwa na makonda wa mbele: gari la kutangulia la ajabu, limebeba viti na masufuria, pengine mkubwa ana karamu mahali. Saliha aliuliza viti vya rangi gani. Konda akamwambia. Saliha akashuka, akatembea kwenye matope mpaka kwenye kizuizi, akamkuta afande mmoja mwanamke, Elvire, amesimama wima na maji yanamtiririka shingoni.

"Afande," alimwambia, "mwambie kila mutu aende. Huyo si mkubwa. Huyo ni bwana yangu."

Ndivyo wakwe walivyofika, na honi zao na nyimbo zao. Mama Daphrose akapiga vigelegele, na wapishi wakakimbilia moto. Nyuma ya wote ikaingia pikipiki ya polisi, Elvire mbele na Saliha nyuma. Elvire alivua kofia ngumu, akasalimia watu kwa adabu, akauliza Shakuru ni nani.  Wote waligeuka wakamtazama mwenyewe.

"Washa zote," alisema Elvire.

Akawasha. Ua ukang'aa, wakwe wakaziba macho. Elvire alizunguka pole pole, akamwambia akanyage breki, akate kona kulia, akate kushoto. Aliinama akatazama waya na masi.

"Hizi za nyuma ziko sawa," alisema. "Za ubavuni pia. Umefunga vizuri kuliko magari mengi yanayopita kwangu. Ukanda huu mweupe toa, unampofusha anayekuja nyuma. Na hizi za juu?"

"Ni mapambo, afande."

"Yanamweka."

"Ni kama yakiwashwa tu."

Elvire alimtazama mpaka Shakuru mwenyewe akaona aibu ya jibu hilo. Kisha akamwambia alete koleo. Shakuru alizing'oa taa zake mwenyewe, mbele ya koo mbili zilizokaa kwenye viti vya mkewe, na kila boliti aliyokuwa ameikaza kwa fahari ilimchukua muda kuilegeza. Msemaji wa wenyeji hakuiachia nafasi hiyo. Alisimama akawaambia wakwe kwamba nyumba hii haina sababu ya kuwadai faini ya kuchelewa, kwa kuwa mkubwa waliyempisha njia ndiye yule aliye juu ya remorke na koleo, naye ndiye aliyewapangia viti. Watu walicheka mpaka pombe ikamwagika. Shakuru naye alicheka, kwani angefanyaje. Elvire akazifunga taa za buluu kwenye koti lake la mvua, akamwambia wataonana kesho ofisini, na akaondoka.

Saliha hakuwa amecheka. Alimkuta mumewe nyuma ya remorke, anakusanya vipande vya waya ambavyo havikuhitaji kukusanywa, akasimama karibu naye.

"Nilifanya kwa ajili yako," Shakuru alisema. "Ulisema mpaka Uvira."

"Nilisema kwa hasira, Baba Assia. We ulikwenda kuipima?"

Shakuru akatazama chini. Aibu ya kule mbele ya watu ilikuwa nyepesi, ya kuchekwa na kwisha. Hii ilikuwa nyingine. Na kwa kuwa hakuwa tena na taa ya kuongeza, aliuliza lile ambalo miezi yote hiyo hakuliuliza.

"Sasa unaogopa nini?"

Saliha akavuta mtandio.

"Siku ile taa zilikuwa zinawaka," alisema. "Mi nilijua zinawaka. Mi nilisikia honi, nikatazama kwenye kioo changu, nikaona viti vyetu. Remorke ni pana, kioo ni kifupi, kinanionyesha viti tu. We umekaa upande wa majani. Mi nimekaa upande ambao malori yanapita, na sioni kinachokuja mpaka kiko dirishani kwangu. Umewawekea taa madereva wote wa Burundi wakuone. Mi umeniwekea nini?"

"Kwa nini hukuniambia?"

"Uliniuliza nini? Kila siku uliniuliza zinang'aa au hazing'ai. Zinang'aa."

 Shakuru alimshika mkono, akaushikilia, wakakaa kwenye chuma cha remorke mpaka wapishi walipomwita Saliha kuonja chumvi.

Kesho yake, alipotoka kuonana na Elvire, jambo ambalo bado hataki lisimuliwe, alipita Buyenzi, mtaa wa vipuri, akatafuta kioo cha pembeni chenye mkono mrefu, wa kutoka nje kuliko upana wa remorke. Akakipeleka Ruziba walipokwenda kuchukua viti, yeye na pikapu, Saliha na basi, akakifunga kwenye mlango wa kushoto. Alipomaliza alikizungusha akakitazama nyuma, akitafuta waya unapoingia. Hakuna waya. Kazi iliyomshinda miezi yote ilikuwa boliti mbili.

Saliha alipanda, akakaa. Shakuru akasimama nje ya mlango, akakisogeza kile kioo kwa kidole.

"Hapo?"

"Nje kidogo."

"Hapo?"

Saliha alitazama. Aliuona ubavu wote wa remorke, na pembeni yake barabara ya Rumonge, tupu na ndefu, mpaka pale inapokata kona. Aliitazama kwa muda, na mabega yake yakashuka. Kisha akafunga mkanda, akamwambia mumewe aingie aendeshe, na asiwashe kitu ambacho hajaambiwa.